Sura ya Saba: Trekta Jembamba kwa Shamba Dogo la Mlimani

Kila mvua za vuli zinapokaribia, wakulima wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, hurudia swali lile lile: je, shamba la ekari tatu au nne lililoegemea mlimani, lenye migomba na mibuni upande mmoja na mihogo upande wa pili, linaweza kulimwa kwa trekta, na kama linaweza, ni trekta la aina gani? Wauzaji wa mitambo hulijibu kwa kutaja nguvu ya injini na bei, majirani hulijibu kwa kutaja jina la kampuni, na mara nyingi mkulima hurudi nyumbani na vipeperushi vingi asiwe na jibu. Sura hii inalijibu kwa kuanzia kwenye mteremko wenyewe, kwa kuwa katika nchi ya vilima mteremko ndio unaoamua upana wa trekta, uzito wake, zana zake, na hata kama trekta lenyewe linahitajika.

Mashine zilizotangulia

Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa Kilimo Kwanza, na katika miaka iliyofuata mitambo ya kilimo iliingia nchini kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni ile ya matrekta ya Farmtrac na New Holland yaliyoletwa kutoka India kupitia SUMA JKT, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa na nguvu farasi 50 au zaidi. Nguvu farasi ni kipimo cha kazi inayoweza kufanywa na injini kwa muda fulani: nguvu farasi 1 inatosha kunyanyua mzigo wa kilo 75 hadi kimo cha mita 1 katika sekunde 1. Trekta la namna hiyo hufanya kazi nzuri kwenye mashamba mapana ya tambarare, lakini upana wake unakaribia mita 2, na likifungwa plau la sahani huhitaji nafasi kubwa ya kugeuzia, ambayo katika kipande cha nusu ekari kilichopakana na migomba ya jirani haipatikani.

Njia ya pili ilikuwa ya pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono na mtu anayetembea nyuma yake au kukaa kwenye kiti kidogo. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliihimiza sana, na halmashauri nyingi ziliinunua. Hata hivyo pawatila ilibuniwa kwa majaruba ya mpunga ya Asia, ambako udongo ni laini na umejaa maji, na ilipopelekwa kwenye udongo mkavu wenye mawe, visu viliisha upesi, waendeshaji walichoka, na nyingi zikaishia kuvuta tela barabarani. Mlimani ina kasoro nyingine ambayo wanunuzi wachache huelezwa: hukatishwa kona kwa kubana klachi ya upande mmoja, na inaposhuka mteremko huku mzigo ukiisukuma kutoka nyuma, gurudumu lililoachiwa huru ndilo linalokimbia zaidi, kwa hiyo mashine hukata upande ulio kinyume na ule aliokusudia mwendeshaji.

Katika Biharamulo hata wanyamakazi walichelewa kuenea, kwa sababu sehemu kubwa ya wilaya hiyo ilikuwa na mbung'o, na katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilihamishia watu kwenye makazi ya pamoja kwa ajili ya kupambana na ugonjwa wa malale. Kwa hiyo familia nyingi zimeruka hatua ambayo mikoa ya Mwanza na Shinyanga iliipitia, ile ya plau la kukokotwa na ng'ombe, na zinatafakari kuhama moja kwa moja kutoka jembe la mkono hadi injini.

Kupima mteremko kabla ya kuuliza bei

Wilaya hizi mbili hupakana, lakini ardhi zake hazifanani. Ngara ni nchi ya vilima virefu vyenye migongo ya mawe, vinavyoteremka hadi kwenye mabonde ya mito Kagera na Ruvubu, ambayo hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Maeneo yake mengi yako kati ya mita 1,200 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Biharamulo ina vilima pia, lakini kuelekea Nyakahura na Lusahunga ardhi hulala zaidi, mashamba huwa mapana, na kikwazo kikubwa huwa visiki na vichuguu kwenye mashamba yaliyofyekwa hivi karibuni. Mkulima wa Lusahunga mwenye ekari kumi za mahindi kwenye ardhi iliyolala hahitaji trekta jembamba, na ni haki aambiwe hivyo mapema, kwa kuwa trekta la kawaida la kukodi litamlimia kwa haraka zaidi na kwa gharama ndogo zaidi kwa ekari.

Mteremko hupimwa kwa asilimia. Mteremko wa asilimia 20 maana yake ni kwamba kwa kila mita 10 za kwenda mbele ardhi hupanda au kushuka mita 2. Watu wengi huchanganya asilimia na nyuzi, ilhali mteremko wa asilimia 100 ni sawa na nyuzi 45, na asilimia 20 ni nyuzi 11 tu na kidogo. Kipimo chenyewe hakihitaji mtaalamu. Ubao ulionyooka wa mita 1 huwekwa ardhini kuelekea bondeni, ncha ya juu ikigusa udongo. Ncha ya chini huinuliwa mpaka pimamaji ya fundi mwashi ionyeshe kwamba ubao umelala sawa. Kisha hupimwa umbali wa wima kutoka udongoni hadi kwenye ncha iliyoinuliwa. Sentimita zinazopatikana ndizo asilimia za mteremko: sentimita 18 ni asilimia 18. Kipimo kirudiwe mahali pengi, hasa pale panapoonekana kuwa pakali zaidi, kwa sababu trekta hupinduka mahali pamoja na halijali wastani wa shamba zima.

Kwa trekta dogo jembamba, kitabu hiki kinapendekeza mipaka ifuatayo:

- Chini ya asilimia 15: trekta linaweza kulima likifuata kontua, yaani mstari unaokwenda sambamba na usawa wa mlima bila kupanda wala kushuka.
- Kati ya asilimia 15 na 25: trekta liwe na magurudumu manne yanayosukuma na fremu ya kinga, dereva awe mzoefu, na ardhi iwe imetengenezwa matuta mapana ambayo trekta hupita juu yake.
- Zaidi ya asilimia 25: trekta lisiingie. Ardhi hiyo iachiwe migomba, kahawa, miti na majani ya mifugo, na kazi yake ifanywe kwa mkono.

Katika kundi la pili matuta yanatajwa kwa sababu maalumu. Dereva anayeogopa kupinduka ubavu hupendelea kulima kwa kupanda na kushuka, jambo ambalo kweli ni salama zaidi kwake, lakini kila mfereji anaouacha huwa njia ya maji, na mvua kubwa za masika huondoka na udongo wa juu. Ng'ambo ya Rusumo, nchini Rwanda, jibu limekuwa kuchonga milima kuwa ngazi. Katika Kagera matuta ya fanya juu, ambayo huundwa kwa kuchimba mtaro kwenye kontua na kurusha udongo upande wa juu, huanza kuifanya ardhi ilale baada ya misimu kadhaa. Mkulima mwenye mteremko wa asilimia 22 na fedha za kutosha ama kwa matuta ama kwa trekta afanye matuta kwanza.

Trekta jembamba ni lipi

Kwa matumizi ya sura hii, trekta jembamba ni trekta la magurudumu manne ambalo dereva hulikalia, lenye upana wa jumla usiozidi takribani sentimita 140, na kwa kawaida lina nguvu farasi kati ya 15 na 30. Koo zake kuu ni tatu. Matrekta ya India, kama vile Mahindra Yuvraj 215 yenye nguvu farasi 15, yalibuniwa kupita kati ya mistari ya pamba na miti ya matunda. Mengi husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, ni mepesi kutengenezeka, na bei yake huwa ya chini. Matrekta madogo ya Japani ya Kubota, Yanmar na Iseki yalibuniwa kwa majaruba madogo, mengi yana magurudumu manne yanayosukuma, na Afrika Mashariki mara nyingi hufika yakiwa yametumika. Ukoo wa tatu ni wa Italia, ambako kampuni kama Antonio Carraro hutengeneza matrekta ya mashamba ya mizabibu yaliyo milimani, yenye magurudumu manne yanayolingana ukubwa na mwili uliolala karibu na ardhi. Kwa umbo, hayo ya Italia ndiyo yanayoufaa mlima kuliko yote. Kwa bei na upatikanaji wa vipuri, mkulima wa Rulenge au Murusagamba hawezi kuyategemea.

Wembamba una gharama yake

Hapa ndipo penye kiini cha suala lote. Wembamba unaoliwezesha trekta kupita kati ya mistari ya mibuni ndio huo huo unaolifanya liwe rahisi kupinduka, na muuzaji anayesifia la kwanza bila kutaja la pili hajasema ukweli wote.

Kila trekta lina kitovu cha uzito, yaani nukta ambayo uzito wake wote unaweza kuhesabiwa kuwa umekusanyika hapo. Trekta likiwa ubavuni mwa mlima, mstari wa wima kutoka kwenye nukta hiyo ukiendelea kuangukia ndani ya magurudumu, trekta husimama. Ukivuka gurudumu la chini, hupinduka. Tuseme trekta lina sentimita 90 kati ya katikati ya gurudumu moja la nyuma na jingine, na kitovu chake kiko sentimita 65 kutoka ardhini. Nusu ya 90 ni 45, na 45 ikigawanywa kwa 65 hupatikana takribani 0.69, kwa hesabu hiyo trekta lililosimama tuli lingepinduka kwenye mteremko wa asilimia 69. Mtu akiishia hapo atadhani kwamba mteremko wa asilimia 20 ni mchezo.

Shamba, hata hivyo, lina mawe na mifereji. Gurudumu la juu likipanda jiwe la sentimita 15, upande huo huinuka, na sentimita 15 zikigawanywa kwa 90 huongeza takribani asilimia 17 za mwinamo. Gurudumu la chini likitumbukia wakati huo huo kwenye mfereji wenye kina cha sentimita 15, huongezeka asilimia 17 nyingine. Mteremko uliokuwa asilimia 20 sasa unalikabili trekta kama asilimia 54, na hapo dereva bado hajakata kona, hajainua zana, wala hajakanyaga breki ghafla. Isitoshe, ekseli ya mbele ya matrekta mengi imeshikiliwa kwa pini moja katikati ili icheze na mabonde ya shamba, kwa hiyo mwanzoni mwa kupinduka magurudumu ya mbele hayazuii chochote; eneo linalolisimamisha trekta ni pembetatu iliyo kati ya magurudumu mawili ya nyuma na pini hiyo, dogo kuliko pembe nne ambazo macho huziona.

Kutokana na hesabu hiyo, mnunuzi anapaswa kutafuta mambo matatu kabla ya kufikiria nguvu ya injini. La kwanza ni magurudumu ya nyuma yanayoweza kupanuliwa. Katika matrekta mengi madogo rimu zikigeuzwa nje ndani, nafasi kati ya magurudumu huongezeka, hivyo trekta linaweza kuwa jembamba siku ya kupita kati ya mistari na pana siku ya kulima shamba la wazi. Kwenye mfano uliotangulia, kupanua nafasi hiyo kutoka sentimita 90 hadi 120 hupandisha mpaka wa kupinduka kutoka asilimia 69 hadi 92, na kazi yenyewe huhitaji jeki, spana na saa chache. La pili ni mwili ulio chini: kati ya matrekta mawili yenye upana sawa, lenye kiti na injini vilivyo karibu zaidi na ardhi ndilo la kuchukua, na magurudumu ya nyuma yakijazwa maji hadi robo tatu, uzito ulio chini huongezeka kwa gharama isiyofika hata ya tairi moja.

La tatu ni fremu ya kinga, yaani upinde wa chuma uliofungwa nyuma ya kiti, ambao trekta likipinduka huzuia dereva asibanwe, mradi awe amefunga mkanda. Uswidi ilianza kulazimisha fremu hiyo kwenye matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vya madereva waliopinduka vilipungua sana kadiri matrekta yenye fremu yalivyoongezeka. Iko fremu inayokunjwa, inayofaa chini ya majani ya migomba, lakini ikikunjwa haikingi kitu, kwa hiyo inapaswa kuinuliwa mara trekta linapotoka migombani. Baadhi ya matrekta yaliyotumika kutoka Japani hufika bila fremu kabisa. Trekta la namna hiyo halifai kwa Ngara kwa bei yoyote ile, mpaka fundi mwenye ujuzi alifunge fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya mfano huo. Mabomba ya maji yaliyoungwa gereji hukunjika chini ya uzito wa trekta na kumpa dereva matumaini ya uongo.

Kuna pia kupinduka kwa nyuma, kunakotokea trekta linapopanda mlima likivuta mzigo uliofungwa juu ya mhimili wa magurudumu ya nyuma. Mzigo hufungwa kwenye kokoteo la chini daima. Pua ya trekta ikianza kuwa nyepesi na usukani kutotii, ni dalili kwamba magurudumu ya mbele yamebaki na uzito mdogo mno. Yanapaswa kubeba angalau sehemu moja ya tano ya uzito wote, na vyuma vya uzito huongezwa mbele kwa sababu hiyo.

*Kwa ufupi: upana unaorekebishika, mwili ulio chini, fremu ya kinga na mkanda. Trekta likikosa mojawapo, utafutaji uendelee.*

Injini, gia na hewa ya mlimani

Injini ya dizeli isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Kwenye kilima cha mita 1,600, trekta lililoandikwa nguvu farasi 24 hubaki na takribani 20, na sehemu ya hizo hupotelea njiani kabla ya kuifikia zana. Kwa hiyo nguvu farasi 15 zinazotosha Gujarat, nchini India, hazitoshi Kabanga, isipokuwa kwa kazi nyepesi. Kwa Ngara, 22 hadi 28 ni kiasi cha busara. Zaidi ya hapo trekta huanza kupanuka na kurefuka, na faida ya wembamba hupotea.

Magurudumu manne yanayosukuma, ambayo wauzaji huyaandika 4WD, yana thamani kubwa zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda. Breki za matrekta mengi zipo kwenye magurudumu ya nyuma tu, na wakati wa kushuka uzito huhamia mbele, kwa hiyo magurudumu yenye breki hupungukiwa na uzito na kuteleza. Mfumo wa 4WD ukifungwa, injini huzuia magurudumu yote manne. Dereva huchagua gia nzito akiwa juu, kabla ya kuanza kushuka, na haigusi klachi mpaka afike chini. Pedali mbili za breki, ambazo shambani hutenganishwa ili kusaidia kukata kona, huunganishwa kwa kitasa chake trekta linapokwenda barabarani au mlimani.

Kazi ya kulifanyia

Wanunuzi wengi huwazia trekta likipita ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, likilima huku na huku. Wazo hilo linapaswa kukataliwa. Mizizi mingi ya mgomba huishi katika sentimita 30 au 40 za juu, na rotaveta, ambayo ni zana yenye visu vinavyozunguka na kusaga udongo, huikata mizizi hiyo na kuondoa matandazo yanayolinda udongo. Hatari kubwa zaidi ni mnyauko bakteria wa migomba, ugonjwa ulioingia Kagera katikati ya miaka ya 2000 na ambao huenezwa na zana zenye majimaji ya mmea mgonjwa. Trekta la kukodi linalotoka kibanja kimoja kwenda kingine bila kusafishwa linaweza kubeba ugonjwa huo hadi kijiji kizima. Zana yoyote iliyokata mgomba ioshwe na kupakwa dawa ya klorini kama ile ya kufulia nguo nyeupe, kabla ya kuhama shamba.

Ndani ya kibanja trekta jembamba lina kazi mbili tu: kufyeka majani na kusafirisha, yaani kuingiza samadi na matandazo na kutoa ndizi na kahawa. Mistari iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 inaliruhusu kupita. Pale migomba ilipojiotea bila mistari, hata wembamba hausaidii.

Kazi ya kulima ni ya mashamba ya wazi ya mahindi, maharage na mihogo. Hapo zana ya kwanza ya kununua iwe jembe tindo, ambalo lina meno yanayopasua mstari wa kupandia bila kupindua udongo wote. Linahitaji nguvu ndogo, linapenyeza maji ardhini, linaacha mabua juu ya udongo kama kinga, na linaweza kutumika Agosti au mapema Septemba kabla ya mvua, wakati ambao rotaveta ingerukaruka juu ya ardhi ngumu. Rotaveta ya mita 1 inaweza kufuata baadaye kwa bustani za mabondeni. Plau la sahani ndilo la mwisho kwa umuhimu mlimani, ingawa ndilo linaloombwa zaidi.

Zana hufungwa kwenye mikono mitatu iliyo nyuma ya trekta, na pini za mikono hiyo zina vipimo maalumu. Kipimo kinachoitwa kategoria 1, chenye pini za chini za takribani milimita 22, ndicho kinachopatikana kwa urahisi; matrekta madogo sana huwa na pini nyembamba zaidi zinazohitaji zana za kuagizwa. Shafti inayozungusha zana, ambayo mafundi huiita PTO, iwe na mzunguko wa 540 kwa dakika, na mfuniko wake wa plastiki usiondolewe, kwa sababu shafti hiyo ikishika kanga au mkono wa shati haiachii.

Hesabu ya saa

Rotaveta ya mita 1 ikivutwa kwa kasi ya kilomita 2.5 kwa saa, na theluthi moja hivi ya muda ikipotea kwenye kona na mawe, ekari moja humalizika kwa takribani saa 2 na nusu, huku trekta likinywa lita 3 hadi 4 za dizeli kwa saa. Familia yenye ekari 5 za wazi, ikilima vuli na masika, italitumia trekta saa 25 kwa mwaka. Injini inayotunzwa hudumu maelfu ya saa. Ni wazi kwamba familia hiyo, ikinunua peke yake, itakuwa imefunga fedha zake kwenye chuma kinachokaa chini ya bati mwaka mzima.

Msimu wa kutayarisha mashamba ni mfupi. Kwa siku 25 za saa 6 kila moja, trekta moja hufanya saa 150, yaani ekari 60 kwa msimu, ambazo ni mashamba ya kaya 30 zenye ekari 2 kila moja. Huo ndio ukubwa wa kundi linaloweza kulibeba trekta hili, na katika Ngara umbo la kundi hilo lipo tayari: vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) vinavyokusanya kahawa vina wanachama wanaofahamiana, daftari za mauzo na msimu wa malipo unaoweza kuendana na marejesho ya mkopo. Mikopo ya mitambo hutolewa na Mfuko wa Taifa wa Pembejeo na pia Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB), iliyoanza kazi mwaka 2015. Miezi isiyo ya kulima trekta huvuta tela, na hapo kanuni ni ngumu lakini haina mjadala: kwenye barabara za changarawe za vilimani, tela lisilo na breki zake lisibebe uzito unaouzidi wa trekta.

Kabla ya kulipa

Vipuri huamua maisha ya trekta kuliko rangi au jina lake. Chujio, mikanda, visu na seti ya klachi vikikosekana Kahama au Mwanza, msimu umepotea. Safari ya kwenda Mwanza imefupishwa na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, lakini bado ni safari ya siku nzima kwa mtu wa Ngara. Mnunuzi aandike namba za vipuri kumi vinavyochakaa haraka na kuomba bei za vyote kabla ya kukubaliana bei ya trekta. Kwa matrekta yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, namba hizo mara nyingi hutofautiana na za matrekta ya kusafirishwa nje, hata pale majina yanapofanana. CAMARTEC ya Arusha, taasisi ya umma inayohusika na zana za kilimo, hufanya majaribio ya mitambo, na muuzaji wa mfano mpya anaweza kuombwa ripoti yake.

Trekta lililotumika lijaribiwe mlimani likiwa na zana. Liwashwe likiwa baridi. Zana iachwe ikiwa imeinuliwa kwa dakika 10 huku injini imezimwa, ili ionekane kama haidroliki, yaani mfumo wa mafuta unaonyanyua zana, inavuja. Lishuke mteremko kwa gia nzito ili ijulikane kama gia huruka yenyewe. Na pini ya ekseli ya mbele itikiswe kwa mkono. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mnunuzi aondoke.

Lipo jambo ambalo halmashauri za Ngara na Biharamulo, pamoja na vyama vya ushirika na wakopeshaji, vinaweza kulifanya bila kusubiri bajeti yoyote: kukataa kudhamini, kukopeshea au kukodisha trekta lolote lisilo na fremu ya kinga na mkanda. Vifanye hivyo kuanzia msimu ujao wa vuli.